Bwawa la Mwani: Tuhesabu Gharama Kabla ya Kuchimba



Kuna swali linalozunguka kwenye vikundi: je, tunaweza kuchimba bwawa, tukalifunika kwa karatasi ya plastiki, halafu tukapanda ule mwani unaoitwa spirulina? Mwani huo huuzwa mijini ukiwa unga wa kijani au vidonge. Bei yake iko juu, na watu husema ati unashinda nyama. Kikundi kikisikia hivyo, na pesa ziko tayari kwa mweka hazina, ni rahisi kukimbilia dukani kununua plastiki.

Ngojeni kwanza. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, kuna mfano wa mjenzi wa mnara anayetakiwa kupiga hesabu zake kabla hajaweka msingi. Makala hii ni ya kupiga hesabu hizo. Hatusemi mwani ni mbaya. Tunasema mwani ni zao kama mazao mengine: una mbolea yake, magugu yake na msimu wake, ila shamba lake ni maji. Asiyelijua shamba hilo atapata hasara, hata akiomba na kufunga.

MWANI NI NINI?

Kila mtu ameuona. Ule utando wa kijani ndani ya tangi la maji lililoachwa wazi, na ile rangi ya kijani kwenye dimbwi la ng'ombe, ni mwani. Ni viumbe vidogo sana, kimoja hakionekani kwa macho, lakini vikiwa mamilioni maji hubadilika rangi. Vinatengeneza chakula chao kwa jua, hewa na mbolea iliyomo majini, kama vile mahindi yanavyofanya shambani.

Aina ni nyingi mno. Nyingine ni chakula kizuri, nyingine hazina maana kwetu, na nyingine zina sumu. Spirulina ni aina moja tu kati ya hizo. Wataalamu huihesabu pamoja na bakteria wanaotumia jua kama mimea. Ikikaushwa, karibu gramu 60 katika kila gramu 100 huwa ni protini, na ina madini ya chuma pia. Hapo sifa zake ni za kweli.

Wala si chakula kilichobuniwa juzi. Wanawake wa Kanembu, karibu na Ziwa Chad, tangu zamani huuchota mwani huu kwenye madimbwi ya magadi, huukausha mchangani jua kali, na kupikia mchuzi. Wao huuita dihé. Angalieni basi mambo mawili: madimbwi ya magadi, na jua kali.

ZIWA NAKURU LINATUFUNDISHA NINI?

Hatuna haja ya kwenda Chad. Hapa Kenya mwani huu unamea wenyewe katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Nakuru, Bogoria na Elmenteita. Ndio chakula kikuu cha wale flamingo wadogo ambao watalii huja kuwatazama.

Maji ya maziwa hayo ni makali kwa magadi. Katika kipimo cha pH, maji ya kawaida huwa karibu na 7, na maji ya magadi yanayoipendeza spirulina huwa kati ya 9 na 11. Ukali huo ndio ua wake. Mimea mingine mingi ya majini haiwezi kuishi humo, kwa hiyo spirulina inabaki na shamba peke yake.

Lakini hata katika ziwa lenyewe mavuno si ya uhakika. Mwaka 1974 spirulina ya Ziwa Nakuru iliporomoka, na flamingo wakaondoka kwa wingi. Tena kuanzia miaka ya 2010, maji ya ziwa hilo yalipopanda sana, magadi yakapunguzwa ukali na maji baridi ya mvua, na flamingo wengi wakatafuta chakula kwingine. Kama bwawa la Muumba mwenyewe linaweza kuharibika kwa kuingiliwa na maji ya mvua, bwawa la kikundi litaharibika haraka zaidi.

Mtu atauliza: "Lakini Nakuru nako ni juu, kama mita 1,750, na kuna baridi. Mbona unamea?" Swali zuri. Ziwa ni kubwa, maji yake mengi hushika joto la mchana na kulilinda usiku. Bwawa la spirulina halitakiwi kuzidi kina cha sentimita 20 au 30, kwa sababu jua lazima lifike chini. Maji kidogo namna hiyo hupoa upesi, kama chai iliyomwagwa kwenye sinia. Pia ziwa halina haraka wala deni. Mwani ukimea pole pole, flamingo watangoja au wataruka. Kikundi chenye mkopo hakiwezi kuruka.

SHIDA SITA ZA BWAWA LILILOFUNIKWA

1. Baridi ya usiku na moto wa mchana. Spirulina hustawi vizuri kwenye maji ya joto la nyuzi 35 hivi. Chini ya nyuzi 20 karibu inasimama. Fikirieni mwezi wa saba hapa kwetu, ukungu umeshuka kutoka Nyandarua na jua halionekani mpaka mchana. Karatasi ya plastiki husaidia mchana, lakini usiku joto hutoka upesi. Halafu siku ya jua kali, mkisahau kufungua pembeni, maji hupita nyuzi 40 na mwani unakufa. Plastiki inataka mtu wa kuifungua na kuifunga kila siku, Jumapili pia.

2. Magadi na mbolea. Maji yetu ya mto ni mepesi, hayana magadi. Tupige hesabu. Bwawa la mita 10 kwa mita 5, lenye kina cha sentimita 20, lina lita 10,000, yaani madebe 500. Kila lita inahitaji angalau gramu 8 za magadi ya kuokea, ile soda nyeupe ya kupikia keki na mandazi. Hizo ni kilo 80 kwa kuanzia tu, na wakulima wengine hutia mara mbili ya hapo. Ongezeni chumvi gramu 5 kwa lita, ambayo ni kilo 50. Bado kuna mbolea ya naitrojeni, fosfeti, potasi, magnesi na chuma kidogo, na zote ziwe safi za kutosha kwa chakula cha binadamu.

Hapo memba mmoja atasema, "Si tuchukue tu magadi ya sokoni, ya kulainisha githeri?" Hapana. Magadi ghafi ya Bonde la Ufa huwa na floridi nyingi, ile inayoharibu meno ya watoto na hata mifupa. Na samadi je? Samadi ni nzuri kwa bwawa la samaki, lakini kwa mwani unaoliwa na watu moja kwa moja ni kuingiza vijidudu vya choo katika chakula.

3. Hewa na kukoroga. Mwani hula hewa ya kaboni iliyomo majini. Chini ya plastiki hewa hiyo hupungua, pH inapanda kupita 11, na mwani unakaa na njaa huku jua lipo na mbolea ipo. Tena, ule wa juu huungua na jua na ule wa chini hukaa gizani. Kwa hiyo maji lazima yakorogwe mara kadhaa kila mchana. Mabwawa makubwa hutumia gurudumu la stima. Kikundi kitatumia ufagio safi na mikono ya memba. Zamu hizo andikeni mapema, maana wiki ya kwanza wote hufika, na mwezi wa tatu hubaki mama mmoja.

4. Magugu na sumu. Hili ndilo tunalotaka lisomwe mara mbili. Mvua ikiingia, au magadi yakipungua, mwani wa aina nyingine huingia kwa upepo, kwa ndege au kwa vumbi. Kwa macho yote ni kijani. Ni darubini tu inayoonyesha kama ni spirulina, ambayo imejisokota kama springi, au ni mgeni. Baadhi ya wageni hao hutoa sumu inayoharibu ini. Flamingo walipokufa kwa wingi Nakuru na Bogoria katika miaka ya 1990, watafiti walitafuta chanzo, na moja ya vitu walivyovipata ni sumu ya mwani wa jamii hii. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Kwa hiyo mtu yeyote asichote kijani cha dimbwi, cha bwawa la samaki au cha tangi akakausha akawapa watoto, hata akiambiwa na nani kwamba ni spirulina. Mbegu ya kweli hutoka mahali panapopima. Na mkiona dimbwi limefunikwa na utando mzito kama rangi ya kijani iliyomwagika, ng'ombe wasinywe hapo.

5. Kuvuna na kukausha. Mwani huvunwa kwa kuchuja maji kwenye kitambaa chenye matundu madogo sana, kisha unasukumwa kama tambi na kukaushwa. Ukiwa mbichi huoza upesi kama maziwa, kwa hiyo unatakiwa ukauke siku hiyo hiyo bila moto kupita nyuzi 60. Kila memba wa eneo la kahawa anajua shida ya kuanika wakati jua halitoki. Mwani hauna subira ya kahawa. Ukibaki na unyevu, unaota ukungu ndani ya mfuko.

6. Soko. Chakula kilichopakiwa hakiuzwi dukani bila alama ya ubora ya KEBS. Kupata alama hiyo kunataka jengo safi, vipimo vya maabara na ada. Tena mnunuzi wa mwani si mama mboga wa hapa Kangema. Yuko mjini, na anataka kiasi kile kile kila mwezi, wakati wa baridi pia.

TULINGANISHE NA KUKU

Wacha tukadirie kwamba mambo yote yameenda sawa. Katika nchi zenye joto, wakulima wadogo hupata kama gramu 5 kavu kwa kila mita mraba kwa siku. Bwawa letu la mita mraba 50 lingetoa gramu 250 kwa siku, na ndani yake gramu 150 za protini. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maana yake bwawa lote, pamoja na plastiki, kilo 80 za soda na zamu za kukoroga, linatoa protini ya mayai 25.

Mayai 25 kwa siku hutoka kwa kuku 35 hivi wanaotaga vizuri. Kuku kila mtu hapa anawajua. Wakiugua, kuna daktari wa mifugo. Mayai yakizidi, jirani atanunua. Kuhusu madini ya chuma na vitamini A, tuna terere, managu, majani ya kunde na karoti, vyote vinamea nyuma ya jikoni.

Lingine la kujua: wauzaji hutangaza kwamba spirulina ina vitamini B12. Sehemu kubwa ya hiyo B12 ni ya namna ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Wala si dawa ya Ukimwi, kisukari au saratani. Mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa sababu ya unga wa kijani.

MWANI AMBAO UNATUFAA HAPA

Sasa je, tuache mwani kabisa? La, hasha. Kuna mwani ambao kikundi kinaweza kuulima bila maabara, kwa sababu hauliwi na watu. Unaliwa na tilapia, na sisi tunamla tilapia. Yale maji ya kijani ya bwawa la samaki ndiyo malisho yake, kama nepia kwa ng'ombe.

Wengi mtakumbuka mpango wa serikali wa mwaka 2009, ambapo mabwawa 200 yalipangwa kuchimbwa katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na mita mraba 300. Mengi yaliachwa baadaye. Bwawa likiachwa bila kutunzwa hubaki dimbwi la mbu. Kama kijijini kwenu lipo lililobaki wazi, hapo gharama ya kuchimba imeshapungua. Fanyeni hivi:

Kwanza, chokaa. Udongo wetu mwekundu, hasa upande wa chai, ni mchachu, na mwani haumei vizuri kwenye maji machachu. Bwawa likiwa kavu, nyunyizeni chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa kila mita mraba 100. Udongo ukiwa mchachu sana itatakiwa zaidi, kwa hiyo pimeni kwanza.

Pili, fungeni maji. Hili ndilo kosa linaloua mabwawa mengi ya mlimani. Watu hupitisha mfereji ndani ya bwawa mchana na usiku wakidhani samaki wanapenda maji yanayotembea. Trauti wa Kiganjo, Nyeri, ndiye anayetaka maji baridi yanayokimbia, naye hali mwani. Kwa tilapia, maji yakipita, yanabeba mbolea, mwani na joto, yote yanaishia mtoni. Ongezeni maji ya kufidia yaliyovuja na kukauka tu.

Tatu, mbolea kidogo kila wiki. Samadi kavu kilo 5 kwa kila mita mraba 100 kwa wiki inatosha. Bwawa la mita mraba 300 litapata kilo 15. Msimwage gunia zima siku moja mkasubiri mwezi mzima.

Nne, pimeni kwa mkono. Ingizeni mkono taratibu majini, kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yamefika kwenye kiwiko, kijani ni sawa. Kikipotea kabla ya hapo, mwani umezidi, acheni mbolea. Kikionekana hata baada ya kiwiko, bado mwani ni mchache. Na kama maji ni mekundu kwa matope, hilo si giza la mwani. Pandeni nyasi kwenye kingo na kateni mtaro juu ya bwawa ili maji ya mvua yasiingie na udongo.

Tano, amkeni mapema. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku nao unaivuta. Mwani ukizidi, alfajiri oksijeni huwa imekwisha. Mkiona samaki wanahema juu ya maji asubuhi, acheni mbolea mara moja na ingizeni maji safi. Baada ya siku mbili tatu za mawingu mazito, hatari hii ni kubwa zaidi.

Sita, zungusheni ua. Bwawa ni jambo zuri, lakini uhai wa mtoto ni zaidi.

Na baridi je? Ipo. Tilapia hukua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30, na chini ya 20 anakula kidogo. Kwa hiyo upande wa chini wa kahawa unafaa kuliko juu kwenye chai, na hata huko chini msitarajie samaki wakue upesi kama wa Kisumu. Tofauti ni hii: tilapia akichelewa, yuko hai na anangoja joto. Na mwaka ukiwa mbaya, matope ya chini ya bwawa ni mbolea nzuri ya mboga. Hakuna kinachopotea chote.

Kituo cha samaki cha Sagana, kule Kirinyaga, kimekuwa kikifanya kazi ya mabwawa tangu mwaka 1948. Si mbali na sisi. Kikundi kikituma memba wawili waone kwa macho yao, nauli hiyo ni mbegu. Muulizeni pia afisa wa uvuvi wa eneo lenu kabla ya kununua vifaranga.

Kwa kikundi ambacho bado moyo wake uko kwenye spirulina, ushauri wetu ni huu: anzeni na karai moja au beseni, si bwawa. Pateni mbegu iliyopimwa, pimeni joto asubuhi na mchana kwa mwaka mzima, pamoja na mwezi wa saba, na msile wala msimpe mtu yeyote kabla haijapimwa maabara. Karai likifa, mmepoteza karai. Bwawa likifa, mara nyingi na kikundi hufa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Nani atakoroga, atafungua plastiki au atapima maji siku ya mazishi, siku ya soko na siku ya ibada?
2. Pesa tutakazoweka, tukizipoteza zote, je, kikundi kitaendelea kukutana?
3. Mnunuzi wetu ni nani, na tumezungumza naye yeye mwenyewe au tumeambiwa tu?
4. Katika kijiji chetu kuna bwawa lililoachwa? Mwenye shamba anaweza kukubaliana na kikundi, kwa maandishi?
5. Watoto wetu wanakosa nini hasa katika chakula, na ni njia ipi rahisi zaidi ya kuwapatia?

Jadilianeni pole pole, akina mama na vijana wapewe nafasi ya kusema, na katibu aandike. Mkiwa na majibu, hata ya kupinga tuliyoyasema hapa, tuleteeni tuyafikishe kwa vikundi vingine. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.